Ufuatiliaji wa seli za saratani katika damu kwa njia ya mwanga

Ufuatiliaji wa seli za saratani katika damu kwa njia ya mwanga ni jumla ya mbinu zinazotumia mwanga, hasa mwanga wa leza, kutafuta, kutambua na kuhesabu seli za saratani zilizojitenga na uvimbe wa awali na kuingia katika mkondo wa damu. Mbinu hizi ni za aina mbili kubwa. Katika aina ya kwanza damu hutolewa mwilini kwa sindano, ikapelekwa maabara na kuchunguzwa kwa hadubini au kwa mashine. Katika aina ya pili damu haitolewi kabisa: mwanga hupitishwa kwenye ngozi hadi kwenye mshipa, na seli huhesabiwa zikiwa zinapita. Aina ya kwanza imeruhusiwa kutumika hospitalini nchini Marekani tangu mwaka 2004. Aina ya pili bado iko katika majaribio, mengi kwa wanyama na machache kwa watu.

Ugumu wa kazi hii ni uchache wa seli zinazotafutwa. Mililita moja ya damu ya mtu mzima ina seli nyekundu zipatazo bilioni 5 na seli nyeupe kati ya milioni 4 na milioni 11. Mgonjwa ambaye saratani yake imekwisha kuenea anaweza kuwa na seli moja tu ya saratani katika mililita hiyo, au asiwe nayo kabisa. Anayetafuta punje moja ya mtama katika gunia la mchele la kilo 100 ana kazi nyepesi zaidi, kwa kuwa gunia hilo lina punje milioni chache tu.

Kwa nini seli hizi hutafutwa

Wagonjwa wengi wanaokufa kwa saratani hawauawi na uvimbe wa kwanza, ambao mara nyingi huweza kukatwa au kuchomwa kwa mionzi, bali na uvimbe mpya unaozuka mbali na pale ugonjwa ulipoanzia. Saratani ya titi huweza kutokea tena katika mifupa, mapafu, ini au ubongo. Ili ifike huko ni lazima seli zake zisafiri, na njia kuu ya safari hiyo ni damu. Kwa hiyo seli iliyokamatwa ndani ya mshipa ni dalili ya kuenea inayoweza kuonekana kabla uvimbe mpya haujawa mkubwa kiasi cha kuonekana katika picha za hospitali.

Hata hivyo, si kila seli inayoingia katika damu huleta uvimbe mpya. Safari yenyewe ni ya hatari kwa seli. Husukumwa na mkondo, hushambuliwa na kinga ya mwili, na hukwama katika kapilari ambazo ni nyembamba kuliko seli yenyewe. Inakadiriwa kwamba chini ya asilimia 0.01 ya seli zinazoingia katika damu hufaulu kuanzisha uvimbe mahali pengine. Nyingine hudumu katika mzunguko kwa dakika au saa chache tu, kisha hufa au hunaswa katika viungo. Maana yake ni kwamba mgonjwa ambaye seli hizi huonekana kwake kila siku ana chanzo kinachoendelea kuzimwaga katika damu, kama bomba linalovuja.

Historia

Mtu wa kwanza kuandika kuhusu seli hizi alikuwa daktari Thomas Ashworth wa Melbourne, Australia, mwaka 1869. Alipochunguza kwa hadubini damu ya mgonjwa aliyekufa kwa saratani, aliona seli zilizofanana na zile za uvimbe wa mgonjwa huyo, akadokeza kwamba huenda zinaeleza jinsi mtu mmoja anavyopata uvimbe mwingi sehemu mbalimbali za mwili. Miaka 20 baadaye, mwaka 1889, mpasuaji Mwingereza Stephen Paget alichambua kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya titi, akaona kwamba ugonjwa hauendi popote ovyo bali hupendelea viungo fulani. Alifananisha seli na mbegu, na kiungo na udongo: mbegu hutawanywa kila upande, lakini huota pale tu udongo unapozifaa.

Katika miaka ya 1950 na 1960 watafiti wengi walitangaza kwamba wameziona seli za saratani katika damu ya wagonjwa wao. Baadaye ilibainika kwamba sehemu kubwa ya walichokiona ilikuwa seli za kawaida, hasa megakaryosaiti, ambazo ni seli kubwa za uboho wa mifupa zinazotengeneza chembe za kugandisha damu. Jicho na hadubini peke yake havikutosha. Uchunguzi huo ulififia kwa muda mrefu, na haukupata nguvu tena mpaka zilipopatikana alama za kemikali zinazotofautisha seli moja na nyingine kwa rangi.

Mwanga unapokutana na damu

Mwanafunzi yeyote anaweza kuanza somo hili kwa tochi ya simu. Akiiweka chini ya kidole chake gizani, upande wa juu wa kidole utawaka wekundu. Tochi hutoa rangi zote, lakini hemoglobini iliyo katika seli nyekundu hufyonza sana mwanga wa bluu na wa kijani, ukabaki mwekundu. Kutoka nanomita 650 hivi hadi 950, yaani kuanzia wekundu hadi infraredi isiyoonekana kwa macho, damu na nyama hufyonza mwanga kidogo zaidi. Wataalamu huliita eneo hilo dirisha la mwanga, na kipimo cha oksijeni kinachobanwa kwenye kidole cha mgonjwa hospitalini hufanya kazi ndani ya dirisha hilohilo.

Kufyonzwa si tatizo pekee. Mwanga ukiingia katika nyama hutawanyika kila upande, kama taa za gari ndani ya ukungu, na ndiyo maana mishipa iliyo ndani sana haionekani waziwazi hata kwa leza kali.

Tabia ya tatu ya mwanga ndiyo iliyoleta mafanikio makubwa. Baadhi ya kemikali zikipigwa na mwanga wa rangi moja hutoa mwanga wa rangi nyingine. Mwanafizikia George Gabriel Stokes alieleza jambo hili mwaka 1852. Moja ya vitu alivyotumia ni maji yenye kwinini, dawa ya malaria inayojulikana sana Afrika, ambayo hung'aa bluu ikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Siku hizi kemikali za namna hiyo huunganishwa na kingamwili, yaani protini zinazoshika aina moja tu ya shabaha. Kingamwili ikinata kwenye seli ya saratani, seli hiyo hung'aa na jirani zake hubaki gizani.

Kuchunguza damu iliyotolewa

Kipimo kilichotumika zaidi ni CellSearch, kilichopata kibali cha mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya titi iliyoenea, na baadaye kwa saratani ya tezi dume na ya utumbo mpana. Huchukuliwa mililita 7.5 za damu. Ndani yake hutiwa chembe ndogo za chuma zilizopakwa kingamwili inayoshika protini iitwayo EpCAM. Protini hiyo hupatikana kwenye seli za tabaka zinazofunika viungo, ambamo saratani nyingi huanzia, lakini seli za damu hazina. Sumaku huvuta chembe za chuma pamoja na seli zilizonaswa, na damu nyingine humwagwa.

Kazi ya mwanga huanzia hapo, kwa sababu sumaku huvuta pia seli nyeupe nyingi zisizohusika. Yaliyobaki hutiwa rangi tatu. Ya kwanza huonyesha kiini cha seli. Ya pili hushika keratini za ndani ya seli, ambazo ni alama ya tabaka za viungo. Ya tatu hushika CD45, protini ya seli nyeupe. Seli yenye kiini, yenye keratini, na isiyo na CD45 huhesabiwa kuwa ya saratani. Hadubini hupiga picha yenyewe na kompyuta huchagua zile zinazotiliwa shaka, lakini uamuzi wa mwisho hufanywa na mtu aliyefunzwa, anayepitia picha moja baada ya nyingine. Katika uchunguzi wa awali wa watu 344 waliokuwa na afya njema au wenye magonjwa yasiyo saratani, ni mmoja tu aliyekutwa na seli mbili au zaidi. Kwa hiyo kipimo hiki ni nadra kumsingizia mtu mzima kuwa mgonjwa.

Udhaifu wake uko upande wa pili. Baadhi ya seli za saratani, zinapojiandaa kusafiri, hubadili tabia na kupunguza EpCAM. Sumaku haizioni tena, kama askari anayemtafuta mwizi kwa rangi ya shati huku mwizi amekwisha kulibadilisha. Ndiyo sababu zimebuniwa njia nyingine nyingi. Mwaka 2007 kundi la Mehmet Toner na Daniel Haber katika Massachusetts General Hospital mjini Boston lilionyesha kisahani cha silikoni chenye nguzo ndogo 78,000 zilizopakwa kingamwili, ambamo damu hupitishwa polepole na seli hunasa kwenye nguzo. Kisahani hicho bado kilitegemea EpCAM, lakini kilifungua njia ya visahani vilivyofuata, ambavyo baadhi huchuja kwa ukubwa wa seli badala ya alama zake. Wengine wameelekea kwenye kasi: mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakiwamo Keisuke Goda na Bahram Jalali, walieleza kamera ya leza inayoweza kupiga picha za seli 100,000 kwa sekunde moja zikiwa zinatiririka.

Tatizo la kichupa kimoja

Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu. Kichupa cha mililita 7.5 ni sehemu moja tu kati ya 667 ya damu hiyo. Hapo ndipo hesabu za uwezekano zinapoingia, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzifuata.

Tuseme mgonjwa ana seli 667 za saratani zilizotawanyika sawasawa katika damu yake yote. Kwa wastani kila kichupa kitakuwa na seli moja. Lakini wastani haumaanishi kila kichupa. Vikichukuliwa vichupa 100, takriban 37 havitakuwa na seli hata moja, 37 vitakuwa na moja, 18 vitakuwa na mbili, na 8 vilivyobaki vitakuwa na tatu au zaidi. Mgonjwa huyohuyo, siku ileile, anaweza kuambiwa kwamba damu yake ni safi au kwamba ina seli tatu, na maabara isiwe imekosea lolote. Na hiyo ni kwa kudhani kwamba seli zote zilizomo kichupani zitaonekana, jambo ambalo halitokei.

Jibu la "hatukuona kitu" kwa hiyo lina uzito mdogo kuliko linavyosikika masikioni mwa mgonjwa. Njia moja ya kulitatua ni kutoa damu nyingi zaidi, lakini mgonjwa wa saratani mara nyingi tayari ana upungufu wa damu. Njia nyingine ni kuiacha damu mwilini na kuiangalia inapopita. Mshipa unaopitisha mililita 10 kwa dakika hupitisha mililita 300 kwa nusu saa, sawa na vichupa 40, na mgonjwa hapotezi hata tone.

Kutazama ndani ya mshipa

Wazo hili lilijaribiwa kwanza kwa panya. Mwaka 2004 kundi la Charles Lin, pia la Massachusetts General Hospital, lilieleza chombo kinachomulika ufito mwembamba wa mwanga wa leza kukatiza mshipa mdogo wa sikio la panya. Sikio la panya ni jembamba sana, kwa hiyo mwanga hauna nyama nyingi ya kupita. Kila seli iliyotiwa rangi ilipokatiza ufito ule ilitoa mmweko mmoja, na mimweko ikahesabiwa bila kumtoa panya damu. Kwa njia hii watafiti waliweza kumfuatilia mnyama yuleyule siku baada ya siku na kuona jinsi seli zilizodungwa zinavyotoweka katika mzunguko.

Mshipa wa sikio, hata hivyo, hupitisha damu kidogo mno. Mark Niedre na wenzake wa Northeastern University, Boston, walichagua kuachana na picha safi na kutumia mwanga uliotawanyika. Nyuzi za kioo hugusishwa kwenye ngozi ya mkia au mguu wa panya juu ya mshipa mkubwa zaidi, na mmweko wa seli hupokelewa hata kama haijulikani hasa ulitokea nukta gani. Nyuzi huwekwa sehemu mbili zinazofuatana. Mmweko ukionekana kwanza kwenye ya kwanza kisha kwenye ya pili, hujulikana kwamba ni seli inayosafiri na damu na si kelele ya mashine. Kundi hilo lilionyesha pia kwamba idadi ya seli katika panya hupanda na kushuka ndani ya dakika chache, jambo ambalo kichupa kimoja hakiwezi kulionyesha.

Kikwazo cha kuhamishia njia hii kwa binadamu ni rangi. Panya wa maabara anaweza kuwekewa seli zilizofanywa zing'ae, binadamu hawezi. Ni lazima ipatikane dawa ya rangi iliyo salama kudungwa mtu, inayoshika seli za saratani na kuziacha za kawaida. Wenye matumaini huelekeza macho kwenye rangi zinazobebwa na foleti, vitamini ambayo seli za baadhi ya saratani huipokea kwa wingi. Mwaka 2007 kundi la Philip Low wa Purdue University lilionyesha kwa panya kwamba seli zilizo katika mzunguko zinaweza kutiwa rangi kwa njia hiyo. Mwaka 2021 dawa moja ya jamii hiyo, pafolacianine, iliruhusiwa nchini Marekani kuwasaidia wapasuaji kuona saratani ya ovari wakati wa upasuaji. Kuhesabu seli katika damu si kazi iliyoruhusiwa kwayo.

Kusikiliza mwanga

Melanoma, saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, haihitaji kutiwa rangi, kwa sababu seli zake nyingi zina melanini yake yenyewe. Ndiyo maana imekuwa saratani ya kwanza kufuatiliwa kwa njia hii ndani ya mishipa ya wagonjwa.

Mbinu inayotumika inategemea jambo lililogunduliwa na Alexander Graham Bell mwaka 1880: mwanga unaowaka na kuzima upesi ukipiga kitu unaweza kukifanya kitoe sauti. Kitu kinachofyonza mwanga hupata joto na kutanuka ghafla, na kutanuka huko husukuma wimbi la sauti. Leza ikitoa mapigo mafupi sana, wimbi linalotokea huwa la altrasaundi, lisilosikika kwa sikio lakini likipokelewa na kihisi kilichowekwa juu ya ngozi. Faida yake ni kubwa. Mwanga unahitajika uingie tu. Kinachotoka ni sauti, na sauti hupita katika nyama bila kutawanyika kama mwanga.

Vladimir Zharov na Ekaterina Galanzha wa chuo kikuu cha tiba cha Arkansas, Marekani, walitumia kanuni hii kutengeneza chombo walichokiita Cytophone. Leza ya nanomita 1064 huelekezwa kwenye mshipa wa juu wa mkono. Seli nyekundu nazo hufyonza mwanga kidogo na kutoa mvumo usiokoma. Seli ya melanoma inapopita, melanini yake hufyonza zaidi na sauti huruka ghafla juu ya mvumo. Bonge la chembe za kugandisha damu likipita, sauti hushuka badala ya kupanda, kwa sababu bonge hilo linachukua nafasi ya seli nyekundu bila kuwa na rangi. Chombo kimoja hivyo huona hatari mbili.

Matokeo ya jaribio lao la kwanza kwa wagonjwa yalichapishwa mwaka 2019. Kati ya wagonjwa 28 wa melanoma, seli zilisikika kwa 27. Kwa watu 19 wenye afya hakukusikika seli. Watafiti walikadiria kwamba chombo kinaweza kutambua seli moja katika lita nzima ya damu, kiwango ambacho kichupa hakiwezi kukikaribia. Wagonjwa 28 ni wachache, lakini, na kundi lililobuni chombo ndilo lililokipima. Uthibitisho wa makundi mengine na majaribio makubwa zaidi bado unahitajika kabla ya daktari kuamua tiba kwa kusikiliza mshipa.

Leza inayotumika haina mionzi ya aina ya eksirei, na nguvu yake huwekwa chini ya kikomo cha usalama wa ngozi. Imejaribiwa pia kwa wanyama iwapo leza yenye nguvu zaidi inaweza kuziua seli palepale zinapotambuliwa.

Seli husafiri lini

Kipimo hutegemea pia saa ya kuchukuliwa. Mwaka 2022 kundi la Nicola Aceto wa ETH Zürich, Uswisi, lilichapisha uchunguzi wa wanawake 30 wenye saratani ya titi waliotolewa damu mara mbili, saa kumi alfajiri wakiwa wamelala na saa nne asubuhi wakiwa macho. Asilimia 78.3 ya seli zote za saratani zilipatikana katika damu ya alfajiri. Kwa panya, ambao hulala mchana, hali ilikuwa kinyume: seli zilikuwa nyingi mchana. Homoni zinazofuata mzunguko wa usiku na mchana zinahusika. Kliniki nyingi hutoa damu asubuhi baada ya mgonjwa kuamka, yaani wakati ambao seli ni chache.

Aceto, alipokuwa Boston, alishiriki pia katika utafiti wa mwaka 2014 kuhusu vishada, yaani seli mbili au zaidi zinazosafiri zimeshikana. Vishada ni vichache kuliko seli moja moja, lakini katika panya vilikuwa na uwezo wa kuanzisha uvimbe mpya mara 23 hadi 50 zaidi. Katika vyombo vya mwanga kishada hujitambulisha kwa mmweko au sauti kubwa kuliko kawaida, ingawa si rahisi kusema kina seli ngapi.

Je, idadi humsaidia mgonjwa?

Kwamba idadi hutabiri hatima si suala la ubishi tena. Katika uchunguzi wa mwaka 2004 wa wanawake 177 wenye saratani ya titi iliyoenea, wale waliokuwa na seli 5 au zaidi katika mililita 7.5 waliishi miezi 10.1 kwa wastani wa kati. Wenye chini ya hapo waliishi zaidi ya miezi 18. Swali gumu ni nini kifanyike baada ya kujua.

Jaribio la Marekani lijulikanalo kama S0500, lililotoa matokeo mwaka 2014, lilijaribu kujibu. Wagonjwa ambao idadi yao ilibaki juu baada ya siku 21 za tibakemikali walikuwa 123. Nusu waliendelea na dawa ileile na nusu walibadilishiwa mapema bila kusubiri uvimbe ukue katika picha. Ilitarajiwa kwamba waliobadilishiwa wangeishi zaidi. Haikuwa hivyo: miezi 10.7 kwa walioendelea na 12.5 kwa waliobadilishiwa, tofauti ambayo kitakwimu haina maana. Wakati huohuo wagonjwa ambao tangu mwanzo hawakuwa na idadi kubwa waliishi miezi 35. Kipimo kilikuwa kimesema kweli. Dawa ya pili ndiyo haikuwa bora kuliko ya kwanza. Matokeo haya hayapendezi, lakini kila anayesoma habari za vyombo vipya vya kuhesabu seli hana budi kuyajua.

Jaribio la Ufaransa lililochapishwa mwaka 2021 liliuliza swali dogo zaidi na kupata jibu lenye manufaa. Kwa wanawake wenye aina ya saratani ya titi inayochochewa na homoni, idadi ya seli ilitumiwa kuchagua kati ya kuanza na tiba ya homoni, iliyo nyepesi, au tibakemikali, iliyo nzito. Waliochaguliwa kwa idadi hawakupata matokeo mabaya kuliko waliochaguliwa na daktari. Hapo kipimo hakikuongozwa na tumaini la kuvumbua tiba mpya, bali kilisaidia kugawa tiba zilizopo.

Rangi ya ngozi

Melanini inayoisaliti seli ya melanoma ndani ya mshipa ni ileile iliyo katika ngozi juu ya mshipa. Ngozi nyeusi hufyonza sehemu ya mwanga kabla haujafika kwenye damu, na ngozi yenyewe hutoa sauti yake. Uzoefu wa kipimo cha oksijeni cha kidole ni onyo: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kipimo hicho kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Chombo kilichosanifiwa kwa ngozi nyeupe hakiwezi kudhaniwa kuwa sahihi kwa ngozi zote.

Ni kweli kwamba melanoma ni nadra kwa watu weusi. Lakini inapowapata, mara nyingi hutokea kwenye nyayo, viganja au chini ya kucha, mahali ambapo huchelewa kutambuliwa. Mwanamuziki Bob Marley alifariki mwaka 1981 kwa melanoma iliyoanzia kwenye kidole cha mguu na kuenea mwilini. Kwa watu wenye ualbino wa Afrika Mashariki, saratani ya ngozi inayowapata zaidi ni ya seli bapa, isiyo na melanini, na chombo kinachosikiliza melanini hakitaisikia.

Leza ya nanomita 1064 ina nafuu kiasi, kwa kuwa melanini hufyonza mwanga wa urefu huo wa wimbi kidogo kuliko mwanga unaoonekana. Nafuu hiyo imepimwa Afrika, ingawa kwa ugonjwa mwingine. Kimelea cha malaria kinapokula hemoglobini huacha fuwele nyeusi ziitwazo hemozoini, na fuwele hizo nazo hutoa sauti zikipigwa na leza. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya Cytophone iliyotumiwa nchini Kamerun kwa watu wazima 20 wenye dalili za malaria, ambao walipimwa tena na tena kupitia ngozi wakati wa matibabu, bila kutolewa damu na chombo hicho.